Pweza wa Mzee Tawakali

Boti iliingia tope kabla haijafika Songo Mnara. Nahodha akazima mashine, akajilaza chali, akajifunika kofia usoni kama mtu aliyefika kitandani kwake. Sajenti Stefania akamwuliza sasa inakuwaje. Akajibiwa maji yamekupwa, wangoje yajae. Akauliza yatajaa lini. Nahodha akasema, kutoka chini ya kofia, kwamba yatajaa yakishajaa, ila isha haitawapita.

Isha, na ndiyo kwanza alasiri inaingia.

Stefania alizaliwa Newala, juu uwandani, ambako maji huja kwa ndoo na huenda unakotaka wewe. Hakuzoea maji yenye ratiba yao. Akavua viatu vya serikali, akavifunga kamba na kuvitundika shingoni, akakunja suruali, akashuka. Tope likampokea mpaka magotini. Mara mbili lilimwomba akae, mara mbili akakataa, na hivyo ndivyo upelelezi ulivyoingia kisiwani: miguu miwili myeusi na bahasha moja kavu.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha.

Kesho yake asubuhi gari la kituo lilikuwa limpeleke Hussen mahakamani Lindi, na kutoka hapo mahabusu, kwa kosa la kuiba mashine ya boti ya doria. Hussen alikuwa mlinzi wa stoo ya kikundi cha wavuvi wa pweza, na kesi yake ilikaa kama chungu juu ya mafiga matatu. Zamu ya usiku wa tukio ilikuwa yake. Funguo alikuwa nazo yeye, na kufuli halikuvunjwa. Na kwenye picha iliyopigwa na kamera ya stoo, mtu asiyeonekana uso amebeba mashine begani, amevaa koti la mvua lenye kiraka mgongoni, koti ambalo kisiwa kizima kililijua ni la Hussen. Chini ya picha pameandikwa: Alhamisi, saa 3:15 usiku.

Mkuu wa kituo aliridhika, akalala. Aliyekosa usingizi ni Stefania, na kilichomkosesha ni nguo zake mwenyewe. Alhamisi ile alifua sare, akaianika, akasahau kuianua. Usiku kucha ilikaa nje. Ijumaa asubuhi aliivaa ikiwa kavu kama bisi. Sasa hilo koti la kwenye picha mbona linametameta? Lilikuwa limelowa chepechepe, matone yamejipanga kwenye ukingo wa kofia yake kama shanga.

Mkuu alimwambia mvua ya Masoko, kilipo kituo, na mvua ya Songo Mnara hazikunyonya ziwa moja. Alimwambia pia kwamba kama Jumapili yake haina kazi, na aende. Lakini asubuhi asipokuwa na kitu mkononi, gari linaondoka na Hussen ndani.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hasani, alimletea maji ya kunawa miguu, halafu akamfungulia stoo. Katibu wa kikundi, Ignatius, hakuitwa; alifika tu. Alikuwa mtu wa bara, wa vilima vya Kilwa, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni na ulimi mwepesi. Ukimwuliza jina lake, anakupa na la shangazi yake. Yeye ndiye aliyegundua wizi Ijumaa asubuhi, ndiye aliyekwenda kwa fundi wa kamera kuulizia picha, ndiye aliyeivusha bahari mpaka kituoni kwa mkono wake. Maelezo yake Stefania alikwisha kuyasoma. Alitaka kuyasikia.

Ignatius akayatoa bila kusukumwa. Alhamisi mchana, adhuhuri haijaadhiniwa, aliingia humu, akaiona mashine kwa macho yake mawili, na kwa kuwa bati la pembe ile linavuja, akaifunika kwa turubai la bluu la kikundi. Jioni Hussen akarudi kutoka hospitali alikompeleka mkewe kujifungua, akakabidhiwa funguo, akaingia zamu. Asubuhi mashine hakuna, na Hussen amekaa mlangoni anapiga mswaki kama hana habari.

"Turubai liko wapi?" Stefania akauliza.

Ignatius akatazama pembeni, akatazama juu kwenye bati. "Mwizi kaondoka nalo, afande. Aliyebeba mashine ataacha turubai?"

Stefania akatoa picha. Mashine ilikuwa begani, tupu, uchi kama ilivyotoka kiwandani. Mkono mmoja umeishika, mwingine unavuta mlango. Ignatius akasema huenda turubai limekunjwa ndani ya koti. Stefania akasema huenda. Akaliacha hapo, kama unavyoacha mfupa kwenye sahani ya mwenyeji: si kwamba hukuuona.

Akauliza kamera nani aliifunga. Mzee Hasani akacheka kidogo, akasema hiyo ni kazi ya Tawakali na Pweza wake, na amwandalie masikio, maana akianza hana breki.

Nyumba ya Mzee Tawakali ilijulikana kwa nyaya. Zilitoka dirishani, zikapanda batini kwenye sola, zikashuka tena, nyingine hazikuwa na pa kwenda. Nje alikaa mkewe, Bi Somoe, anapiga pweza kwa mti ili alainike, na kila alipopiga ilionekana kuna mtu anayemfikiria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unamtaka fundi? Yuko ndani na mke mwenzangu."

Stefania akasita. Bi Somoe akamwelekeza mlango kwa mti wake. Mke mwenza huyo hapiki, akasema, hafui, hasalimii wageni, lakini umeme anakula yeye wa kwanza, na akiugua mume halali.

Stefania akachuchumaa karibu naye. Hakuuliza habari za siku kwa majina yake. Aliuliza kwa matukio, maana watu husahau Jumanne ila hawasahau msiba. Akauliza usiku ule Hussen alipompakia mkewe kwenye boti, hali ya hewa ilikuwaje.

Mti ukasimama hewani. Bi Somoe akasema usiku ule ndio uliomtia hasara. Alikuwa ameanika pweza kwenye kamba, akaenda kumshika mgongo yule binti mwenye uchungu mpaka bandarini, akamwachia mume neno moja tu: ukisikia ngurumo, anua. Mvua ilinyesha toka magharibi mpaka usiku umekwenda. Aliporudi, pweza wamelowa, wanatiririka kamasi, na mume yuko ndani anaipepea kompyuta yake kwa kipepeo cha jikoni ili isipate joto.

"Na usiku wa pili yake, Hussen aliporudi zamu?"

"Jua la kutwa lilikuwa limepasua mawe. Usiku tulilala barazani kwa joto. Hata umande haukuja kutusalimia."

Stefania akainuka haraka mno, goti likagonga sufuria. Koti lililowa usiku ambao Hussen alikuwa ng'ambo, hospitalini, mbele ya wauguzi. Lakini kamera imeandika usiku wa pili yake. Mmoja kati ya hawa wawili anadanganya, mvua au kamera, na mvua haina sababu.

Mzee Tawakali alikuwa fundi redio tangu enzi za redio za mbao, mwembamba, miwani yake imeshikwa kwa waya wa shaba. Mezani palikuwa na laptopu isiyo na jalada, utumbo nje, na kando yake kisanduku cha king'amuzi kilichokufa ambamo alikuwa ameweka kompyuta ndogo kama kiberiti. Hiyo ndiyo ya stoo, ameileta kuifanyia marekebisho. Ilipowashwa, kioo kilionyesha kwanza pweza aliyechorwa kwa herufi na alama, mikono minane, jicho moja kubwa.

Stefania alitaka jibu moja. Alipata historia. Mzee akamweleza kwamba kompyuta za watu wengi huja na wali uliokwisha kupikwa. Unakula, hujui nani aliosha mchele. Yeye alikutana na huu mfumo wa Linaksi kwa mwalimu mmoja wa Masoko, akaambiwa jiko lake liko wazi, kila anayetaka achukue kinu atwange mwenyewe. Basi akatwanga. Alianza na kiini chake, akakitoa kila asichokihitaji. Mara ya kwanza alipunguza mno, akatupa na kile kipande kinachoiwezesha mashine kuitambua diski yake. Ikaamka, ikajitafuta, ikalala. Mara nyingine alisahau sauti, ikakaa bubu mpaka Mfungo Tatu ukapita na yeye anadhani spika imeungua. Kompyuta yenyewe kuukuu, sola yenyewe ya mawingu; kukompaili kiini, yaani kukipika kikaiva, kulianza asubuhi ya leo kukaisha ya kesho, na katikati akiomba dua isizime. Picha ya kuwakia ilikuwa ya ndege mnene wa barafuni asiyejua kuruka. Akaona huyo hatujui sisi, akaweka pweza. Mfumo mzima akauita hivyo hivyo, Pweza.

Miguu ya Stefania ilikuwa imeanza kuhama yenyewe, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Nje maji bado yalikuwa mbali. Akamkata.

"Mzee wangu, kila ukiubomoa na kuujenga upya, huwezi kukosea saa?"

Tawakali akavua miwani. Hakuna tusi lingine ambalo lingemfanya aivue. Akasema saa ya Pweza inalingana na ya redio, akafungua redio kuthibitisha, na kweli dakika zililingana. Akamwuliza kama anadhani yeye, kwa umri huu, amekaa hapa kuchezea picha ili amfunge Hussen aliyemchimbia kisima.

Stefania alitaka kujua nani mwingine anaigusa kamera. Hakuna. Ni nani aliyechukua picha? Katibu, kwa flashi. Aliingia Ijumaa kuulizia kwa kutimiza wajibu tu, akashangaa sana kusikia kamera ilikuwa nzima, alidhani ingali imebomolewa hapa mezani. Akatazama picha, akatazama maandishi ya chini, akayasoma tena, akasema ahsante mzee, akaondoka mbio hata chai hakunywa. Tangu hapo hakuja polisi wala mgambo kumwuliza lolote.

"Kwa nini haina picha ya Alhamisi mchana, katibu alipoingia stoo?"

"Mchana naifumba. Watu wanaingia na kutoka, itanijazia miguu ya watu tu. Inatazama usiku."

Basi hapo palikuwa ukuta. Stefania akaketi kwenye kiti cha plastiki, akasimama, akaketi. Akamwomba aifungue tena ile picha kwenye mashine yenyewe. Maandishi yalikuwa yaleyale. Kwenye kona ya kioo palikuwa na saa ndogo, inasema Jumapili, saa 11:52 mchana. Akauliza, kwa kukosa la kuuliza, mbona saa kumi na mbili kasoro inaitwa mchana. Mzee akalalamika kwamba mfumo ule una nafasi ya maneno mawili tu: nusu ya kwanza ya siku na nusu ya pili. Ameandika usiku na mchana. Alfajiri na jioni hazikupata kiti.

Bi Somoe akaingia na chai na mihogo, akaweka, akamwambia mgeni ale kabla mke mwenzake hajaila. Stefania akanywa amesimama, macho kwenye kona ya kioo kwa kuwa hakukuwa na kingine kinachosogea. Saa 11:58. Saa 11:59. Jua lilikuwa limegusa mikoko. Namba zikageuka zote kwa pamoja.

Jumatatu, saa 12:00 usiku.

Kikombe kilibaki kinywani.

"Mzee, hapo pameandikwa siku gani?"

"Jumatatu."

"Leo ni Jumapili."

"Ilikuwa," Mzee Tawakali akasema, akachukua muhogo.

Akatafuna kwanza. Halafu akaeleza, kwa upole, kama anayemweleza mtu kwamba maji hulowesha. Mfumo ulipofika mahali pa kuchagua saa, ulimletea miji ya watu, aseme anaishi kwa saa za mji upi. Dar es Salaam ilikuwamo. Lakini saa za Dar kwenye kompyuta zinabadilisha siku katikati ya usiku, watu wamelala, bila shahidi, kama paka anavyozaa uvunguni. Yeye chuoni, utotoni akisoma Kurani, alifundishwa kwamba usiku hutangulia na mchana wake hufuata. Jua likizama, siku imekwisha, nyingine imeingia. Na saa moja ni saa moja. Akaandika faili lake la saa, akaliita Songo Mnara, akalikompaili, likakubali. Ni kweli adhana huja dakika kadhaa baadaye, maana jua nalo halifuati faili. Hilo ndilo anaendelea kulifanyia kazi.

"Ukiujenga mfumo mwenyewe halafu ukaishi kwa saa za jirani," akasema, "umejenga nini?"

Stefania akaiweka picha mezani, akaibonyeza kwa kidole. "Basi hii Alhamisi, saa tatu usiku. Ni usiku upi?"

"Usiku ulioingia jua la Jumatano lilipozama. Usiku wa ile mvua, mke wangu ananisema mpaka leo." Muhogo ukashuka mkononi. "Kwani nyie mmesoma upi?"

Stefania, mkuu wake na katibu Ignatius walikuwa watu wa mahali ambapo ukiona Alhamisi usiku unangoja kwanza Alhamisi yenyewe ipite. Mzee Tawakali akaketi polepole. Aliuliza Hussen amelala wapi siku zote hizi. Akaambiwa. Bi Somoe, mlangoni, hakufanya mzaha wowote, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Adhana ikaanza. Stefania akaweka bahasha kwapani.

Alingoja watu watoke kuswali. Ignatius alikuwa banda la kikundi, amewasha taa, anachonga penseli. Stefania akamwomba Mzee Hasani aje akae nao, na Mzee Tawakali akafuata bila kuombwa, akasimama nyuma. Sajenti akasema amebakiwa na dogo tu, halafu maji yakijaa anaondoka.

"Katibu, nisaidie. Alhamisi mchana uliiona mashine, au ulidhani ipo kwa kuwa huwa ipo? Mtu anaweza kuchanganya. Ukisema ulichanganya, nitaandika ulichanganya, yaishe."

Mlango ule ulikuwa mpana wa kupita tembo. Ignatius akaufunga mwenyewe.

"Niliiona, afande. Niliigusa. Nikaifunika turubai kwa mikono yangu hii."

"Mwenyekiti umesikia."

Mzee Hasani akasema amesikia. Stefania akaweka picha chini ya taa. Akamwonyesha koti, akamwonyesha matone, akamwuliza Alhamisi ile ilinyesha mvua gani. Ignatius akaanza kusema mvua za huku hazitabiriki, akamwona Mzee Hasani anamtazama, akaacha sentensi nusu. Ndipo Stefania akamweleza saa ya Pweza, neno kwa neno kama alivyoelezwa, mpaka kwenye jua kugusa mikoko. Akaongeza la kwake: kwamba katibu aliposoma maandishi yale Ijumaa alijua siyo, kwa kuwa alijua ni usiku upi. Aliona kompyuta ya mzee imekosea, na imekosea kwa faida yake. Akaipa msaada kidogo tu. Akajidai kuiona Alhamisi mchana mashine ya boti ambayo usiku uliotangulia ilikwisha kuondoka.

"Usiku wa mvua, Hussen yuko hospitali. Funguo alikuwa nazo nani?"

Ignatius akashika kalamu zake, moja baada ya nyingine.

"Alikuwa nazo yeye," Mzee Hasani akasema. "Na koti pia. Hussen alimvisha kwa mkono wake, bandarini, asilowe wakati wa kurudi. Mkewe analia ndani ya boti, na yeye anamhurumia katibu."

Mbali kidogo ilisikika boti inaanza kuelea, nahodha anakohoa usingizi wake. Ignatius alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa imepoteza shangazi wote.

"Niliifunika turubai kweli, afande. Hilo sikudanganya."

"Najua. Wapi?"

"Mikokoni. Upande wa magofu. Mtu mmoja wa bandari ya Sudi aliahidi kuja kuichukua, hajaja."

Mzee Tawakali akafuta miwani. Stefania akamwambia Ignatius avae viatu. Watapita kwanza mikokoni. Halafu akapanda kwenye tuta la nyuma ya banda, mahali pekee mtandao unaposhika, akampigia mkuu wake. Mkuu aliuliza kama amerudi. Akasema bado. Mkuu akasema basi amepoteza siku, maana gari la Lindi limekwisha kutiwa mafuta.

"Liondoke tu, afande. Ila Hussen ashuke, akamwone mtoto wake. Abiria wa Lindi ninakuja naye, na mashine ya boti."

Mkuu akapumua kwenye simu. Kwa sauti ya mtu aliyeinuliwa kitandani akamwambia mambo ya kumwachia mtuhumiwa Jumapili usiku hayana haraka, angoje Jumatatu iingie.

Stefania akageuka, akaliangalia dirisha la fundi, pale kioo cha Pweza kilipokuwa kinang'aa peke yake.

"Huku imeshaingia," akasema.